KCSE B+: Marekani wanasema ingia, Uingereza na Ujerumani wanasema bado. Kwani miaka 12 si miaka 12?

#1 MamaWaTudor
Salaam wenyeji. Mpwa wangu amemaliza fomu foo, KCSE yake ana B+, hesabu B+, fizikia A-, Kiingereza B. Babake yuko Dubai na ametuma neno kwamba mtoto akasome uinjinia nje. Tumekwenda kwa ejenti mmoja hapa mjini akatwambia Uingereza haendi moja kwa moja, lazima afanye faundeshoni, yaani kosi ya matayarisho, mwaka mzima na bei yake haipishani sana na ya mwaka wa digrii yenyewe. Ujerumani nako ati kuna shule ya matayarisho kwanza. Halafu binti wa jirani yetu, ana B kavu, yuko Marekani na ameingia mwaka wa kwanza bila matayarisho yoyote. Sasa mie nauliza, cheti ni kimoja, baraza la mitihani KNEC ni moja, minane ya msingi na minne ya sekondari ni kumi na mbili, mbona huku kinatosha na kule hakitoshi? Ni ejenti anatula ama ndio sheria?

#2 KijanaWaMajengo
Ejenti anawala, next.

#3 Bw_Hesabu
@KijanaWaMajengo wewe kila uzi jibu lako mstari mmoja. Mama sikiza, ejenti pengine anakula lakini hapo hajadanganya. Uingereza mtoto husoma miaka 13 ndio afike chuo kikuu, ile miwili ya mwisho ndio A level, anasoma masomo matatu tu lakini kwa kina. Ndio maana digrii yao England ni miaka 3. Marekani shule ni miaka 12 na digrii miaka 4. Kenya 12 na 4. Jumlisha: 13+3 ni 16, 12+4 ni 16. Kwa hivyo Muingereza anapoiona KCSE anaona pengo la mwaka mmoja, na faundeshoni ndio inaziba hilo pengo. Hakuna siri hapo.

#4 Pune_Mpaka_Nyali
Bw Hesabu hesabu yako tamu lakini yavuja. Mie nimesoma India. India shule ni 10+2, yaani 12, na B.Com yangu ilikuwa miaka 3. 12+3 ni 15! Na KCSE walinipokea bila kuuliza, walichotaka ni ile barua ya AIU, muungano wa vyuo vikuu vyao, ya kulinganisha cheti basi. Kama ni suala la kufikisha 16, mbona wao hawakuona pengo?

#5 Bw_Hesabu
India wao wenyewe shule yao ni miaka 12 so wanakulinganisha na mtoto wao. Na uinjinia India ni miaka 4 usisahau, sasa hivi hata hizo digrii za 3 wameanza kuweka mwaka wa nne kwa anayetaka.

#6 Pune_Mpaka_Nyali
Ndio hapo umekubali, si jumla ya miaka, ni kulinganishwa na mtoto wa huko. Haya endelea.

#7 MzeeWaKACE
Nyinyi watoto mnahangaika na jambo ambalo sisi halikutusumbua. Wakati wetu ilikuwa 7-4-2-3. Darasa la saba, halafu miaka minne unafanya KCE, wachache wanaobaki baada ya mchujo wanaingia form five na six wanafanya KACE, A level yetu, masomo matatu makuu (principal) na General Paper. Ukiwa na KACE nzuri London ilikuwa inakupokea kama mtoto wao, hapakuwa na faundeshoni wala nini. Ile tume ya Mackay ya 1981 ndio iliyoleta chuo kikuu cha pili na hii 8-4-4, minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo, ikaanza 1985, KCSE ya kwanza 1989, na sisi wa KACE wa mwisho tukafanya mwaka huo huo. 1990 vyuo vilipokea kundi letu na la 8-4-4 pamoja, watu walilala mpaka kwenye vyumba vya kusomea. Mackay mwenyewe alikuwa Mkanada. Sasa mnashangaa nini mkipokelewa vizuri ng'ambo ya Atlantiki na mkikwama kwa Muingereza? Tulihama nyumba ya huyu tukaenda ya yule.

#8 BintiWaKisauni
Mzee huyo kila uzi lazima form six iingie 😂 lakini point ya Mackay sikuijua, shukran.

#9 KijanaWaMajengo
Sawa mzee, form six mlifanya wangapi nchi nzima? Mlichujwa hata kabla hamjafika. Sisi 8-4-4 angalau mtoto wa Likoni alipata kujaribu.

#10 MzeeWaKACE
Kujaribu mmejaribu, ndio sasa mnajaribu tena kule faundeshoni.

#11 T_Kurs_Survivor
Niko Ujerumani naandika nikiwa kwa treni so mnisamehe mpangilio. Mama Tudor, shule ya matayarisho uliyoambiwa inaitwa Studienkolleg na ipo kweli. Wajerumani wana databesi inaitwa anabin, imeandika kila cheti cha kila nchi kinahesabiwa vipi, na mwenye KCSE peke yake kawaida hupelekwa Studienkolleg. Ni semesta mbili. Kuna kosi kwa herufi, T ya mambo ya ufundi na sayansi, M ya udaktari na bayolojia, W ya uchumi, G na S za lugha na jamii. Mpwa wako wa uinjinia anaenda T: Kijerumani, hesabu, fizikia, na kemia ama kompyuta. Mwisho unafanya mtihani unaitwa Feststellungsprüfung, ukianguka unarudia mara moja tu.
Zile za serikali hulipi karo, unalipa mchango mdogo wa semesta basi. Lakini kuingia kwenyewe kuna mtihani, na hapo ndipo Wakenya wengi tunapigwa. Hesabu yao si ngumu, ni mambo ya fomu tatu na nne, ila hakuna kalkuleta. Kwa Kijerumani wana kitu kinaitwa C-Test, wanakupa aya halafu kila neno la pili limekatwa nusu, unajaza nusu iliyobaki, na lazima mwisho wa neno uwe sahihi kwa sarufi. Unaweza kuwa unaongea Kijerumani kama maji na hiyo karatasi ikakutoa jasho. Wengi wanataka cheti cha Kijerumani cha kiwango cha kati, B1 ama B2, kabla hata ya kukualika.

#12 MamaWaTudor
Shukran sana mwanangu. Kwa hivyo Kijerumani lazima asome hapa hapa kwanza?

#13 T_Kurs_Survivor
Ndio mama. Asije na A1, kile kiwango cha mwanzo kabisa. Na pesa, kuna akaunti iliyofungwa, tangu Septemba 2024 ni yuro 11,904 kwa mwaka, unaweka zote kabla ya viza halafu wanakuachilia yuro 992 kila mwezi. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni moja na nusu. Si karo hiyo, ni pesa yake ya kula na kulala, lakini lazima ionekane mwanzo.

#14 ShangaziWaBondeni
Milioni moja na nusu ya kuonyesha tu! Na ukiwa nayo si ungejenga.

#15 UstadhBamburi
Assalam alaykum. Nimesoma yote naona mmesahau mlango mwingine ambao watoto wa hapa pwani wanaupita kila mwaka. Chuo Kikuu cha Kiislamu Madinah, karo hakuna, na posho wanapewa. Cheti kisiwe kimezidi miaka 5 na umri usizidi 25 kwa digrii ya kwanza. Asiyejua Kiarabu anaanza na taasisi ya lugha, inaweza kufika miaka miwili. Hiyo pia ni matayarisho, lakini hakuna anayelalamika kwa sababu hailipiwi. Azhar ya Misri ndio kuna suala la muadala, yaani thanawi yako ya madrasa wanaitambua ama hawaitambui, hilo muulize mudiri wako kabla hujakata tikiti.

#16 KijanaWaMajengo
Ustadh uinjinia Madinah iko?

#17 UstadhBamburi
Iko kitivo cha uhandisi, ukidhani tunasoma fiqhi pekee wewe bado uko nyuma.

#18 KijanaWaMajengo
Nimenyamaza.

#19 Mwanafunzi_wa_Jinja
Mie nilipita njia ya mkato ambayo si ya mkato. Nilimaliza KCSE nikaona nataka Uingereza, nikaambiwa faundeshoni, nyumbani pesa hakuna. Nikapanda basi mpaka Uganda nikaingia S5 na S6, yaani form five na six zao. Huko unachukua masomo matatu ya principal, mie nilikuwa PCM (fizikia, kemia, hesabu), halafu General Paper, na moja kati ya sub-math ama ICT. Ni miaka miwili, ni mingi kuliko faundeshoni lakini karo ni ya kawaida ya shule ya bweni. Cheti chake, UACE, kina principal pass na Uingereza wanakitazama tofauti kabisa na KCSE, maana mizizi yake ni A level.
Shida ni akili. Umetoka fomu foo ukiwa mkubwa wa shule, unarudi kuvaa yunifomu, unapigiwa kengele ya kulala, na wenzako nyumbani washafika mwaka wa pili chuoni wanakutumia picha.

#20 Bw_Hesabu
Naona huyu ameniunga mkono. UACE ni 7+4+2, miaka 13. Haya.

#21 Pune_Mpaka_Nyali
Hajakuunga mkono wewe, amesema mizizi ni A level. Mtu akikaa miaka 13 akirudia darasa moja hapa Kenya atapokelewa? Hatapokelewa. Si miaka, ni kile alichosoma ndani ya ile miaka. KCSE unafanya masomo saba ama nane kwa upana, A level matatu kwa kina.

#22 Bw_Hesabu
Abitur, cheti cha sekondari cha Wajerumani, ni masomo mengi pia, si matatu. Na baadhi ya majimbo ni miaka 12. Mbona nao wanaikataa KCSE? Nadharia yako nayo yavuja.

#23 DaktariMbele_InshaAllah
Mkubali tu kwamba kuna biashara. Faundeshoni nyingi za Uingereza zinaendeshwa na makampuni binafsi yaliyoungana na vyuo, na mwanafunzi wa nje ndiye anayelipa zaidi. Mwaka mmoja wa ziada ni mapato. Sisemi hakuna tofauti ya masomo, nasema wakiifuta leo kuna watu watakosa mshahara.

#24 T_Kurs_Survivor
@DaktariMbele hiyo ya biashara Ujerumani haishiki, Studienkolleg ya serikali ni bure nimesema juu. Wanapoteza pesa kwetu, hawapati.

#25 DaktariMbele_InshaAllah
Za binafsi je? Si zinalipisha? Nafasi za serikali chache, wengine wote wanaelekea huko.

#26 T_Kurs_Survivor
Hapo sina la kusema, za binafsi zipo na zinalipisha vizuri.

#27 BintiWaKisauni
Mie nina dhana nyingine msinipige mawe. Inawezekana hawatuamini. Kumbukeni 2015 karatasi za KCSE zilivyouzwa, maelfu walifutiwa matokeo. 2016 waziri Matiang'i na Magoha wa KNEC wakafunga mianya, A zikashuka kutoka elfu mbili na zaidi mpaka 141 nchi nzima. Mzungu aliyekaa ofisini anaona mwaka mmoja A elfu mbili, mwaka unaofuata 141, wewe ungefanyaje?

#28 MzeeWaKACE
Binti, KCSE ilikuwa inahitaji faundeshoni Uingereza hata miaka ya tisini, kabla ya hayo yote. Hilo la 2016 limekuja juu ya lililokuwepo.

#29 Pune_Mpaka_Nyali
Kila nchi ina debe lake la kupimia, ya soko la Marikiti na ya soko la Kongowea hayalingani na kila muuzaji anaapa lake ndilo kamili. Ndio basi.

#30 ShangaziWaBondeni
La Kongowea lina tundu kwa chini, mie nishapigwa.

#31 Mombasa_Boston
Ngojeni niseme ya Marekani maana naona watu wanadhani huku ni sherehe. Mama Tudor, uliza yule binti wa jirani ameingia chuo gani. Kama ni community college, hizo hupokea karibu kila aliyemaliza sekondari, unasoma miaka miwili halafu unahamia chuo kikubwa miaka miwili. Si vibaya, mie mwenyewe ndio njia yangu, lakini usiilinganishe na kuingia chuo kikubwa moja kwa moja. Vyuo vikubwa vinaangalia mengi, insha, barua za walimu, mtihani wa SAT. Wakati wa korona vingi viliacha SAT, sasa vingine vimerudisha, MIT walirudisha mapema, Harvard, Yale na Dartmouth wakafuata. Na SAT sasa inafanywa kwa kompyuta, si penseli tena.
Kwa kifupi Marekani mlango wa cheti uko wazi, ule wa pesa ndio umefungwa. Kabla ya viza chuo kinakupa fomu ya I-20, na ili wakupe unaonyesha pesa ya mwaka wa kwanza mzima, halafu kuna ada ya SEVIS, mfumo wao wa kusajili wanafunzi wa nje, dola 350 mbali na ya viza. Vyuo vingine pia vinataka cheti chako kipelekwe kwa kampuni ya kutathmini, wanageuza A- na B+ zako kuwa GPA, wastani wa alama wa huko, somo kwa somo. Kwa mwenye gredi za juu kabisa na nyumbani hakuna kitu, kuna KenSAP wanachukua wanafunzi wachache kila mwaka na kuwaandaa kwa vyuo vya huko. Na EducationUSA ya ubalozi inatoa ushauri bila malipo, mama usilipe ejenti kwa kitu cha bure.

#32 KijanaWaMajengo
Post namba 2 ilisema nini? Soma tena taratibu.

#33 Bw_Hesabu
Post namba 2 haikusema kitu.

#34 FundiWaChangamwe
Naomba kuuliza kando kidogo, hiyo ya kugeuza gredi. Kijana wangu ana B+ pia, mtu akamwambia kwa Kijerumani ni 1.6, mwingine akamwambia 2.2. Tofauti kubwa hiyo. Nani mkweli?

#35 T_Kurs_Survivor
Wote na hakuna 😂. Kuna fomula inaitwa ya Bavaria. Unachukua alama ya juu kabisa, unatoa yako, unagawa kwa tofauti ya ya juu na ya chini ya kupita, unazidisha kwa 3, unajumlisha 1. KCSE A ni 12, B+ ni 10. Sasa ya chini ya kupita ni ipi? Ukisema ni C+ maana ndiyo ya kuingia chuo kikuu Kenya, yaani 7, unapata 2 gawa kwa 5 mara 3 jumlisha 1, ni 2.2. Ukisema kupita ni D- yaani 2, unapata 2 gawa kwa 10 mara 3 jumlisha 1, ni 1.6. Na kwao 1 ndio nzuri, si kama kwetu.

#36 DaktariMbele_InshaAllah
C+ bila shaka. Chini ya hapo huingii digrii.

#37 FundiWaChangamwe
Lakini mwenye D+ si anapewa cheti na anaenda kusomea satifiketi? Huyo amepita ama ameanguka?

#38 BintiWaKisauni
Ukimuuliza mamake ameanguka. Ukiuliza KNEC wanakwambia hakuna kuanguka, kuna gredi tu.

#39 T_Kurs_Survivor
Fundi usikune kichwa, anayeamua ni chuo ama uni-assist, ofisi inayopokea maombi kwa niaba ya vyuo, si wewe. Ukipeleka maombi kupitia uni-assist ya kwanza ni yuro 75, kila nyingine kwa semesta hiyo hiyo 30. Na ukipita Studienkolleg, gredi ya nyumbani inachanganywa na ya Feststellungsprüfung, so bado una nafasi ya kujirekebisha.

#40 MwalimuMstaafu_Likoni
Nimekaa kimya lakini niseme la vitendo maana mnabishana nadharia na watoto wanakwama kwenye makaratasi. La kwanza ni majina. Hapa kwetu hili ni janga. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Muhammad, KCSE Mohamed, pasi Mohammed, na jina la babu limo kwenye pasi lakini halimo kwenye cheti cha shule. Kwetu sote twajua ni mtu mmoja. Ofisa wa viza hajui. Nilikuwa na mwanafunzi alicheleweshwa muhula mzima kwa herufi m moja. Nenda kwa wakili upate hati ya kiapo mapema, na kama mtoto bado yuko shuleni, hakikisheni wakati wa kusajiliwa KCSE kwamba jina linafanana na la cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, msimwachie karani.
La pili, slipu ya matokeo si cheti. Vyuo vingi vya nje vinataka cheti chenyewe, vingine vinataka KNEC iwathibitishie moja kwa moja. Siku hizi hiyo unaiomba onlaini kwa mfumo wao wa QMIS, unalipia huko huko, huna haja ya kulala kwenye basi mpaka Mitihani House South C. Muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje na wa ubalozi, nchi nyingine zitautaka, nyingine hazitautaka, soma masharti ya nchi yako.

#41 BabaMapacha
Mwalimu umegusa donda. Shule aliyosoma wangu imekalia cheti kwa sababu ya salio la karo. Waziri baada ya waziri wanasema shule isizuie cheti, ukifika pale mwalimu mkuu anakwambia waziri aje alipe. Chuo cha nje kimetoa tarehe ya mwisho na cheti kiko kwenye kabati nakiona kwa macho.

#42 MwalimuMstaafu_Likoni
@BabaMapacha nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo na barua ya chuo mkononi, na peleka mpango wa maandishi wa kulipa salio. Usigombane na karani. Na wakati huo huo omba uthibitisho wa KNEC, chuo kingine kitaukubali kwa muda.

#43 TangaRaha
Jamani majirani habari za asubuhi. Nimesoma uzi wote nikiwa Tanga nimecheka. Sisi form six hatujaiacha, mtihani wake ACSEE, tahasusi PCM PCB HGL, kisha Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, ikikuangukia. 7+4+2. Vijana wetu Uingereza wanakwenda na form six yao. Mkenya akija kusoma kwetu na KCSE anaambiwa apeleke kwa baraza letu la mitihani, NECTA, wamlinganishe, wengine wanapitia diploma kwanza ama ile programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria.

#44 MzeeWaKACE
Huyu ndugu yangu. Karibu Mombasa ule mahamri.

#45 Bw_Hesabu
TangaRaha: 7+4+2 ni 13. Sisemi zaidi.

#46 Pune_Mpaka_Nyali
Usiseme.

#47 WakiliBado
Kuna kitu hakijatajwa na ndicho kinachouma watu wakirudi. Kupokelewa nje ni jambo moja, digrii kutambuliwa hapa ni lingine. Kuna CUE, tume ya vyuo vikuu, kuna KNQA, mamlaka ya kutambua vyeti, na hizo mbili zenyewe zimevutana nani atambue nini. Halafu kuna bodi za taaluma. Ukitaka kuwa wakili, sheria ya Kenya School of Law inataja C+ na B ya Kiingereza ama Kiswahili kwenye KCSE, na watu wamepelekana mahakamani miaka na miaka wakiwa na digrii zao nzuri za nje. Daktari aliyesoma nje anakutana na mtihani wa KMPDC, baraza la madaktari, kabla ya intanshipu. Wainjinia wana bodi yao. Kwa hivyo mtoto mwenye C kavu anayeambiwa na ejenti "nchi fulani wanakuchukua tu", ndio wanakuchukua, lakini ukirudi KCSE yako inakungoja mlangoni. Nimeona mtu ana digrii mbili anaulizwa Kiingereza cha fomu foo.

#48 DaktariMbele_InshaAllah
Hiyo ndiyo imenifanya nitafakari Urusi. Kule wana mwaka wa kwanza wa lugha, podfak, halafu udaktari. Kila mtu anaweza kuingia, kurudi ndio hadithi.

#49 BintiWaKisauni
Na Uturuki je? Binamu yangu aliomba Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali ya huko. Wanataka asilimia 70 kwa digrii za kawaida na 90 kwa udaktari na afya, halafu mwaka mzima wa Kituruki. KCSE haina asilimia, ina herufi! B+ ni asilimia ngapi?

#50 Bw_Hesabu
10 juu ya 12 ni 83.

#51 FundiWaChangamwe
Hapa 83, Ujerumani 2.2 ama 1.6, Marekani GPA. Mtoto mmoja huyo huyo.

#52 MamaWaTudor
Nimesoma yote mpaka macho yameuma. Nimeongea na babake, amesema Kijerumani aanze sasa huku tukiangalia, na Uingereza tumeiweka kando. Ila swali dogo: ejenti pia alisema kwa Uingereza lazima mtihani wa Kiingereza wa IELTS ingawa mtoto ana B ya Kiingereza. Hilo nalo?

#53 Mwanafunzi_wa_Jinja
Kwa digrii yenyewe chuo kina ruhusa ya kupima Kiingereza chako chenyewe, na vingine vinaikubali gredi ya KCSE. Lakini faundeshoni iko chini ya digrii, hapo viza inataka mtihani maalum uliokubaliwa na serikali yao, ile IELTS ya UKVI, idara yao ya viza. So ejenti hapo yuko sawa, kwa kuwa anawapeleka faundeshoni.

#54 KijanaWaMajengo
Ejenti 2, mie 1.

#55 ShangaziWaBondeni
Nyinyi wa KCSE mna bahati mnajua mnachouliza. Wangu yuko Gredi 10, ndio kundi la kwanza la mtaala mpya wa CBE kuingia sinia skuli, 2026, watamaliza 2028. KCSE ya mwisho 2027. Yeye amechagua njia ya STEM, ya sayansi, ufundi na hesabu. Sasa hicho cheti chao Wajerumani watakiwekaje kwenye hiyo databesi yenu?

#56 Bw_Hesabu
6+3+3 ni 12 vilevile, huhesabu ile miwili ya chekechea.

#57 Pune_Mpaka_Nyali
Lakini sinia skuli wanabobea kwa njia moja na masomo machache, kwa nadharia yangu hapo wanakaribia A level. Kwa nadharia yako hawajasonga hata hatua. 2028 tutajua nani alikuwa anasema ukweli.

#58 T_Kurs_Survivor
Shangazi aanze lugha mapema na aweke fizikia na hesabu zote, STEM bila fizikia kwa T-Kurs ataumia. Treni imefika, nashuka.

#59 MwalimuMstaafu_Likoni
Na jina lake liangaliwe leo, kabla hawajamsajili kwa mtihani.

#60 ShangaziWaBondeni
Mwalimu nimeangalia sasa hivi. Cheti cha kuzaliwa Swaleh, shule wameandika Saleh. Nakwenda huko huko sasa hivi.